Barua ya Kunishitaki kwa Kudeki Vibaya

Kwa miaka tisa karatasi yangu ya mshahara ilisema kwamba mimi ni mhudumu wa usafi, wodi ya watoto. Sikuwahi kuwa mhudumu wa usafi. Nilisoma sosholojia chuo kikuu, nikaandika tasnifu nene ambayo mpaka leo imesomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Na kazi ninayoifanya kila siku, katika hospitali moja hapa Sumbawanga, ni kukaa sakafuni na watoto waliolazwa, mkononi nimeshika gunzi la mahindi lililovishwa kitambaa.

Gunzi ndilo kazi yenyewe. Mtoto akitakiwa kuchomwa sindano, gunzi linachomwa kwanza. Akitakiwa kuwekewa dripu, gunzi linawekewa dripu kwa kipande cha mpira kilichobaki, na anayeliwekea ni mtoto mwenyewe. Gunzi linaruhusiwa kulia. Ninamwambia mtoto ukweli kwamba itauma, ninamwambia itauma kwa muda gani, halafu tunahesabu pamoja kwa Kifipa. Mimi ni mtu wa Mbeya na Kifipa changu ni kibovu kiasi kwamba mtoto mgonjwa husahau sindano kwa kunisahihisha. Wauguzi wanajua hivyo, kwa hiyo sindano huingia pale ninapokosea namba. Siku hizi najua namba zote vizuri kabisa, lakini nimelazimika kuendelea kuzikosea kwa ajili ya kazi.

Nilikuja huku kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwenye mradi wa wageni waliokuwa na cheo kirefu cha kuniita na mshahara wa kuendana na cheo hicho. Mradi ukaisha. Wageni wakaondoka, wakaacha kibao cha mradi na sanduku la midoli mizuri ambalo lilifungiwa stoo lisije likaharibiwa na watoto. Hospitali ikataka nibaki. Shida ilikuwa moja: fomu ya malipo ilitaka kada yenye namba, na kazi yangu haikuwa na namba. Afisa utumishi akapekua orodha yake na kukuta nafasi moja iko wazi.

"Mhudumu wa usafi," akasema. "Saini, kaka. Ni karatasi tu."

Yeye naye ni mtu wa Mbeya. Tukitaka kusema siri tunatumia lugha ya nyumbani, katika mji ambao nusu ya watu wa maofisini wametoka Mbeya na wanatusikia vizuri. Nikasaini. Nilisaini mwaka huo na kila mwaka uliofuata, maana mshahara uliingia, mdogo lakini uliingia, na mimi ni hodari wa kuahirisha mambo. Mama yangu huko Mbeya aliwaambia akina mama wenzake wa kanisani kwamba mwanawe ni daktari wa watoto. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kaengesa, hakumwambia mtu kitu chochote.

Mambo yalibadilika asubuhi moja ya Juni, ule msimu ambao upepo wa Ufipa unapita katikati ya sweta kana kwamba hujavaa. Nilikuwa nimemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Akajirusha, sindano ikatoka kwake ikaingia kwenye kidole changu. Nilipewa dawa za mwezi mzima za kujikinga na virusi vya UKIMWI, nikazimeza, nikatapika, nikapungua mpaka suruali ikanikimbia. Nikapona, na vipimo vikawa salama. Kisha nikajaza fomu ya mtumishi aliyeumia kazini.

Jibu lilikuja kwa maandishi, likiwa na muhuri. Lilisema mhudumu wa usafi hana sababu ya kuwa karibu na mgonjwa wakati anachomwa sindano, kwa hiyo nimeumia nje ya majukumu yangu, na sistahili fidia. Lilisema pia kwamba posho ya mazingira hatarishi, ambayo wauguzi wa wodi ile ile wanalipwa, hainihusu. Chini kabisa walinionya nisirudie.

Jibu lile nililisoma nikiwa nimesimama. Sikumbuki kama niliwahi kukasirika vile kwa jambo lililoandikwa kwa heshima kiasi kile.

Miezi miwili baadaye hospitali ikatangaza mikataba mipya kwa wafanyakazi wote. Safari hii fomu ilikuwa na ukurasa wa ziada: unasaini kwamba majukumu yaliyoorodheshwa ndiyo unayoyafanya kweli. Ya kwangu yalikuwa kufagia, kudeki, kukusanya mashuka machafu, kumwaga takataka. Afisa utumishi akaniita, akafunga mlango, akanipa kiti.

"Kaka, nimekutafutia kitu," akasema, mwenyewe amefurahi. "Chumba cha takwimu. Shahada yako inatambulika pale. Mshahara unapanda karibu mara mbili. Posho ya nyumba, bima ya afya yako wewe, shemeji, watoto, mpaka mama. Na kiti kinachozunguka."

"Na wodini?"

"Wodini nini?"

"Nani atakaa na watoto?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa nani atakaa na mawingu. "Hakuna nafasi inayobaki wazi, maana hakuna nafasi. Wewe ukitoka pale, kwenye karatasi anatoka mfagiaji. Tutaajiri mfagiaji."

"Basi andikeni kazi yangu."

"Kazi yako haina namba."

"Ipeni namba."

"Kaka!" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ijumaa mwisho wa mikataba. Takwimu au usafi. Chagua. Na mimi kama ndugu yako nakuambia, usifanye ukaidi wa chuo kikuu."

Nikatoka nje nikiwa na barabara mbili tu mbele yangu. Nikienda takwimu, mama yangu anatibiwa kwa kadi na watoto wa wodini wanabaki na mikono ya watu wazima watatu inayowakandamiza kitandani, kama ilivyokuwa kabla sijafika. Nikisaini usafi, nakubali kwa mkono wangu kwamba yote niliyofanya miaka tisa hayakutokea, na sindano itakayofuata itakuwa ya kwangu peke yangu. Nilitaka barabara ya tatu. Nilitaka kazi yangu iandikwe kuwa ni kazi, ilipwe kama kazi.

Si kwamba sikuwa nimeomba. Niliomba mara nne ndani ya miaka tisa, kwa barua ndefu zilizopigwa chapa, na nakala ninazo. Barua ya tatu inaanza hivi: "Kwa kuzingatia umuhimu wa huduma jumuishi za kisaikolojia na kijamii katika muktadha wa ulazwaji." Niliona fahari sana na muktadha ule. Hakuna barua hata moja iliyojibiwa, na leo nikizisoma siwalaumu sana.

Jumatatu nikafika wodini nikamwambia muuguzi kiongozi, ambaye sote tunamwita Inchaji, kwamba mpaka Ijumaa nitafanya kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi yangu.

"Kipi kilichoandikwa?"

"Kufagia na kudeki."

"Wewe baba, umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Ya nini?" akauliza, akaenda zake.

Nikaenda kuchukua fagio. Hapo ndipo nilipokutana na mwenye fagio. Mama wa usafi wa wodi yetu ananizidi kama miaka kumi na mitano. Ni Mfipa wa hapa hapa uwandani, siku zake za mapumziko analima mahindi na ulezi, na alianza kudeki korido ile mimi nikiwa bado sekondari. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana, mimi shikamoo, yeye marahaba mwanangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiniletea magunzi kutoka kwake kila baada ya kupukuchua. Ni mtu wa maneno machache, isipokuwa akiona kitu kinafanywa vibaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fagio unalipeleka wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza fomu, sindano, posho, takwimu, kiti kinachozunguka. Akasikiliza akiwa ameegemea dekio lake. Mwisho akanipa fagio, akasema, "Haya. Tuone."

Nilifagia. Vumbi liliondoka hapa likatua pale. Kisha nikadeki, kwa moyo wote, nikianzia mlangoni kuelekea ndani, nikimimina maji kama mtu anayemwagilia mchicha. Nilipofika ukuta wa mwisho, chini ya dirisha, nikageuka na kuona nilichokifanya: wodi nzima imelowa na mimi niko upande ambao hauna mlango. Akina mama wanaouguza walikuwa wamepandisha miguu vitandani, wanasubiri waone msomi atatokaje. Nikatoka kwa kukanyaga. Nyayo zangu zilijipanga kutoka dirishani mpaka koridoni, moja moja, zikiwa na matope.

"Unaanzia ndani, unarudi nyuma kuelekea mlangoni," mama wa usafi akasema, bila kupaza sauti. "Mtoto wa darasa la pili anajua." Akachukua dekio akaanza upya.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nadeki, yeye anadeki nilipodeki. Habari ilikwishaenea. Kijana wa maabara akipita koridoni alinipigia kelele, "Mambo, mzee wa dekio!" nami nikajibu poa kwa heshima yote iliyobaki. Afisa utumishi naye alipita, akasimama mlangoni, akaona, akaondoka. Nilifurahi. Nilijiona shujaa. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga kichwani insha ambayo ningeiandika baadaye juu ya mgomo huu, na katika insha ile nilitoka vizuri mno.

Kwa kuwa nilikuwa nikijitazama mwenyewe, nilichelewa kumtazama mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka saba hivi, ametokea Ilemba, kule chini bondeni, ambako joto haliwapi watu sababu ya kumiliki sweta. Mkokoteni wa ng'ombe ulimpitia mguu, kidonda kikaoza kabla hawajapata usafiri wa kupanda huku. Alikuwa na wiki mbili wodini. Kila asubuhi kidonda kilisafishwa, na kila asubuhi yeye na mimi tulisafisha kwanza mguu wa gunzi lake. Gunzi lile alilipenda na kuligombeza. Alikuwa akiliambia, "Tulia wewe, si umeambiwa ni kidogo?" kwa sauti ya Inchaji hasa, mpaka Inchaji mwenyewe alikuwa akitoka nje acheke. Alilala na gunzi ndani ya sweta langu kuukuu nililomwazima, mikono imekunjwa mara tatu.

Jumatatu ya mgomo aliniita, nikamwambia kwa mbali kwamba leo nina kazi nyingine. Kidonda kikasafishwa akiwa analia. Jumanne hakuniita. Wakamshika watu wawili.

Jumatano wakamshika watatu, na bado akamng'ata muuguzi mkononi. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, na dekio langu. Nilijilazimisha kuangalia sakafu. Nilikuwa najiambia kwamba ubaya huu si wangu, ni wa wale walioandika karatasi, na ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu. Kelele zikaisha. Wakafunga bendeji, wakaondoka, muuguzi anapuliza mkono wake. Nikainua macho. Mtoto alikuwa ananiangalia, kifua kinapanda na kushuka. Akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa gunzi, akalirusha.

Liliingia ndani ya ndoo yangu. Sidhani kama alikusudia ndoo, nadhani alinikusudia mimi. Likazama kwenye maji machafu, likaibuka, kitambaa kimegeuka rangi.

Nikaweka dekio chini. Nikalitoa gunzi, nikalikamua, nikaenda nalo bombani, nikalisafisha kwa sabuni, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikarudi kukaa sakafuni karibu na kitanda chake.

"Nimekosa," nikamwambia. "Nilikuwa nimegombana na watu wa ofisini, nikakuacha wewe. Haikuwa sawa."

Akaliangalia gunzi mkononi mwangu. Akauliza, "Limekufa?"

"Limelowa tu. Lina baridi."

Akanyoosha mkono. Akalichukua, akalifunika na upindo wa sweta, akalitikisa. Kisha akaanza kuligombeza kwa sababu ya kuingia kwenye ndoo za watu, na nikajua kuwa mengi ya maneno yale yalinilenga mimi. Nikayapokea.

Hivyo mgomo wangu ulivunjika siku ya tatu, asubuhi, mbele ya mashahidi. Nilikuwa sina silaha nyingine. Nikaenda kurudisha dekio kwenye kichumba cha vifaa, nimeinamisha kichwa, nikimpangia afisa utumishi maneno ya kukubali takwimu. Mama wa usafi alikuwa ameketi pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Umemaliza mchezo wako?"

"Nimemaliza, mama. Nisamehe kwa sakafu."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Kaa hapo. Niandikie barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kukushitaki."

Nilidhani anatania. Akanywa chai yake taratibu, akasubiri niketi. Kisha akanieleza jambo ambalo mimi, na shahada yangu na barua zangu nne, sikuwahi kuliona. Barua zangu zote zilikuwa maombi. Maombi ofisini kwetu yanapokelewa, yanawekwa kwenye jalada, yanalala. Lakini mfanyakazi akileta malalamiko dhidi ya mfanyakazi mwenzake, utaratibu wa hospitali unasema lazima yajibiwe kwa maandishi ndani ya wiki moja, wahusika wote waitwe, na jibu libandikwe kwenye majalada ya pande zote mbili. Yeye alijua kwa sababu aliwahi kulalamikiwa na mpishi, miaka mingi nyuma, juu ya kamba ya kuanikia.

"Wewe umeandikwa kwenye kazi yangu," akasema. "Nina haki ya kulalamika au sina?"

"Unayo."

"Andika. Na usiweke maneno yako ya chuo."

Mwandiko wake si mzuri, macho yanamsumbua, kwa hiyo siku zote yeye huandikiwa barua. Nikaandika. Akasema, nami nikaandika: kuna mwanamume wodi ya watoto ameandikwa kuwa mhudumu wa usafi. Hajui kudeki kabisa.

"Mama, 'kabisa' tuiache?"

"Iweke."

Nikaiweka. Anaanzia mlangoni anaishia ukutani, halafu anakanyaga alipodeki. Anatumia maji ya ndoo tatu mahali pa ndoo moja. Siku tatu hizi nimefanya kazi yangu mara mbili kila siku. Naomba uongozi umwondoe kwenye kazi hii kwa sababu haiwezi.

"Sasa andika anachoweza," akasema.

Nikasubiri. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

"Andika: mtoto akija anaogopa, yeye anakaa chini ili asiwe mrefu. Anamwonyesha kila kitu kwa gunzi kabla hajafanyiwa. Hamdanganyi. Akimwambia haitauma, haiumi, akimwambia itauma, inauma, kwa hiyo mtoto anamwamini. Anamfundisha mama wa mtoto namna ya kumshika bila kumkandamiza. Mtoto akikataa dawa anakaa naye mpaka ainywe, hata chakula chake cha mchana kipoe. Mtoto akifa, anabaki na mama yake mpaka ndugu wafike, na kesho yake anawaambia watoto wengine walioona kitanda kiko wazi, maana wanauliza, na sisi wengine tunakimbia. Zamani kabla yake nilikuwa nafuta mikojo chini ya kitanda cha matibabu kila siku, kwa sababu watoto walikuwa wanajikojolea kwa hofu. Siku hizi sifuti. Siku tatu hizi nimefuta tena."

Nikaacha kuandika.

"Umechoka?"

"Hapana, mama."

"Basi andika hilo la mwisho, ndilo la muhimu."

Miaka tisa nilimwona akipita na dekio lake, na nilidhani anaangalia sakafu. Barua zangu nne hazikuwa na hata mstari mmoja wa namna ile. Nilikuwa nimeandika muktadha. Yeye alikuwa ameandika mikojo.

Akatia sahihi yake polepole, akakunja karatasi mara nne, akaipeleka masjala mwenyewe na kusimama pale mpaka ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Alhamisi asubuhi afisa utumishi akaniita. Barua ilikuwa mezani.

"Kaka," akasema, "hii ni barua ya malalamiko dhidi yako."

"Nimesikia."

"Mwandiko ni wako."

"Mlalamikaji haoni vizuri. Nilimsaidia."

"Umejishitaki mwenyewe!"

"Mimi ni karani tu. Soma yaliyomo, kama kuna uongo useme."

Akasoma tena, kidole kinafuata mistari. Alipofika mwisho akavua miwani, akaongea lugha ya nyumbani, ishara kwamba sasa tunasema siri. Alisema nimemweka pabaya. Akijibu kwamba mimi ni mfagiaji, itabidi anipe onyo la uzembe, na Inchaji na daktari wa wodi watakuja kutoa ushahidi juu ya kazi nyingine ninayoifanya. Akijibu kwamba mimi si mfagiaji, itabidi aseme mimi ni nani.

"Ndiyo," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili hata walio nje wasikie. "Sema mimi ni nani."

Kikao kilikaa Ijumaa, siku ile ile ya mwisho wa mikataba. Inchaji alikwenda, akiwa amebeba daftari la wodi. Muuguzi aliyeng'atwa naye alikwenda, akiwa amebeba mkono. Mama wa usafi aliitwa kama mlalamikaji, akaingia na viatu vyake vya shamba vya mpira, akakaa, na kila alipoulizwa swali alijibu, "Imeandikwa hapo." Mimi niliitwa kama mtuhumiwa. Mjumbe mmoja akaniuliza kama nakiri kosa la kudeki vibaya.

"Nakiri," nikasema. "Nakiri lote. Ila sitasaini tena kwamba ndiyo kazi yangu, na sitakwenda takwimu. Mkinifukuza, nifukuzeni kwa kazi ninayoifanya, muiandike kwenye barua ya kunifukuza, mimi niende nayo."

Sauti ilitetemeka. Ningependa kuandika kwamba haikutetemeka, lakini walikuwepo watu.

Jibu lilitoka jioni. Malalamiko yamekubaliwa: mtajwa haiwezi kazi ya usafi na anaondolewa. Kuanzia mwezi unaofuata hospitali, kwa uamuzi wake wa ndani, inaanzisha nafasi ya msaidizi wa watoto waliolazwa, wodi ya watoto, nafasi moja, na mtu akitoka, nafasi itajazwa. Majukumu ni kama yalivyoelezwa katika barua ya mlalamikaji, ambayo imeambatanishwa. Posho ya mazingira hatarishi, ndiyo. Bima, ndiyo, yangu na mke na watoto. Ya mama, hapana. Mshahara, ngazi ya muuguzi msaidizi, kwa sababu shahada yangu haionekani kuhusiana na kazi. Fidia ya sindano, hapana, imepita.

Afisa utumishi akanisukumia kalamu. "Umepata, kaka. Usianze tena."

Nilisaini. Pembeni ya mstari wa mshahara nikaandika kwa wino, kwa herufi kubwa: NASAINI NAFASI, NAPINGA NGAZI. Na pembeni ya fidia: NAPINGA. Akashika kichwa, akasema nimeharibu fomu. Nikamwambia sijaiharibu, nimeijaza. Mwaka huu nimesaini tena, na maneno yale nimeyaandika tena, na mwakani wino bado ninao. Mama yangu anaendelea kulipa kwa pesa taslimu anapougua, na anaendelea kuwaambia akina mama wa kanisani kwamba mimi ni daktari. Nimeacha kumsahihisha, maana kwa ngazi niliyopewa nahitaji mtu mmoja anayekosea kwa upande wangu.

Msichana wa Ilemba aliondoka kwa miguu yake, akichechemea, na sweta langu. Gunzi alikwenda nalo.

Jumatatu iliyofuata kikao nilikwenda kwenye kichumba cha vifaa na kilo moja ya sukari. Mama wa usafi aliipokea, akaiweka rafuni bila kuiangalia.

"Posho ile ya hatari umepata?" akauliza.

"Nimepata, mama. Asante."

"Mashuka yenye damu anayakusanya nani?"

"Wewe, mama."

"Sindano zilizodondoka chini ya vitanda anaziokota nani? Glavu gani amepewa? Viatu hivi nimenunua mwenyewe." Akainua mguu mmoja nione. "Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikapindua ndoo, nikaketi, nikaweka karatasi gotini. Nikamuuliza tunamlalamikia nani safari hii, maana maombi hayajibiwi.

"Wewe," akasema. "Utalipwa posho ya hatari, na hatari naibeba mimi. Andika hivyo hivyo. Na nyanyua miguu, nadeki."

Nikanyanyua miguu, nikaandika. Alikuwa ameanzia ukutani, anarudi nyuma kuelekea mlangoni.